Mtoto Asiyesema Mbele ya Daktari

(Mazungumzo ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Kanazi)

 

Risala ya kikundi katibu ameshaisoma, na mahesabu mhazini ameyatoa, kwa hiyo hatutarudia habari za hisa, mikopo na sanduku. Kwamba sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hata watoto wa shule wanajua. Sisi tumepewa dakika chache za kusema jambo moja, na tumechagua jambo ambalo halikuwemo kabisa katika katiba yetu ya kwanza, lakini limeleta mabishano kuliko hata marejesho ya mikopo. Jambo lenyewe ni hili: tunapompeleka hospitali mtoto asiyesema, nani anazungumza na daktari, na anasema nini?

Katika kikundi chetu wako akina mama na akina bibi wanaolea watoto wa namna hiyo. Na tukisema mtoto asiyesema hatuna maana ya watoto wa aina moja. Yuko aliyezaliwa kwa uchungu wa muda mrefu, akachelewa kulia, ubongo ukakosa hewa. Yuko aliyepata manjano makali siku zake za kwanza. Yuko aliyekuwa anasema vizuri, anaimba na wenzake, mpaka malaria ikampanda kichwani au homa ya uti wa mgongo ikamlaza, akaamka bila maneno. Yuko kiziwi, ambaye kichwa chake ni kizima kabisa, anachokosa ni masikio na mtu wa kumfundisha lugha ya alama. Yuko mwenye usonji, ambaye pengine anazo sauti na hata maneno mawili matatu, lakini mbele ya mgeni hayatoki. Hawa wote wakifika dirishani wanaitwa jina moja tu: bubu.

Na mtoto akishaitwa bubu mnajua kinachofuata. Mmoja anampigia kelele kama vile wote ni viziwi. Mwingine anaacha kumsemesha kabisa, anazungumza juu ya kichwa chake. Wengi wa watoto hawa wanasikia. Wengi wanaelewa mengi kuliko tunavyodhani. Mwenye mtindio wa ubongo, misuli ya mdomo na ulimi inaweza kukataa kumtii, lakini hiyo haina maana kwamba ndani hakuna mtu. Tumeshamwona mtoto akitokwa machozi kimya kimya kwa sababu mtu mzima alisema mbele yake, "Huyu hata akipona atakuwa na faida gani?" Alisikia, jamani. Alielewa.

Tuliokuwa watu wazima mwaka 1994 tunakumbuka Benaco. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia wilaya yetu ya Ngara. Wakaja madaktari wa nchi nyingi. Daktari anasema Kifaransa au Kiingereza, mgonjwa anasema Kinyarwanda. Je, kuna daktari aliyeandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa huyu hana lugha? Hapana. Walitafuta mkalimani. Na kwa kuwa Kihangaza chetu na lugha za majirani zinasikilizana, vijana wa huku wengine walipata kazi hiyo ya kukaa katikati. Mkalimani alipewa kiti. Akisema, "Anasema inauma hapa chini ya mbavu," daktari aliamini, akagusa pale pale chini ya mbavu.

Sasa tunauliza. Mama aliyekaa na mtoto wake miaka tisa, usiku na mchana, anayejua mlio wa njaa, mlio wa hofu na mlio wa maumivu, huyu si mkalimani? Mbona yeye anaambiwa, "Mama, mshike mtoto atulie, mengine tuachie sisi"?

Tutawapa mfano mmoja, bila kutaja mtu wala mahali. Mwenzetu mmoja ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto alianza kukataa chakula. Usiku halali. Anajipiga shavu kwa mkono ule unaomtii. Mama akampeleka. Akaambiwa watoto hawa ndivyo walivyo, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, akarudi. Baada ya wiki hali ni ile ile, akampeleka tena mahali hapo hapo. Wakapima malaria, haikuonekana, wakampa dawa nyingine na kumwambia azoee, kwa sababu kujipiga ni sehemu ya ugonjwa wake. Mtoto akawa anakonda. Mama akaanza kusikia ushauri wa majirani, mnaujua ushauri wenyewe, amerogwa, tafuta mganga wa mizizi. Mbuzi wawili wangekwenda.

Mara ya tatu alikwenda kwingine, na hakwenda peke yake. Alikwenda na mwanachama mwenzake, na walikuwa wameandika kwenye daftari: huyu mtoto hajawahi kujipiga shavu, ameanza siku fulani, anajipiga upande wa kulia tu, maji ya baridi anayatema lakini uji wa vuguvugu anajaribu kumeza. Tabibu kijana akasoma mistari ile minne. Akaweka kalamu chini, akachukua tochi, akafungua mdomo. Jino la nyuma upande wa kulia limeoza na chini yake kuna usaha. Likang'olewa. Baada ya siku chache mtoto anakula, analala, na mkono umetulia. Wiki zote zile alikuwa anaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, hapa, hapa, hapa. Alikosa mtu wa kusoma.

Kwa hiyo jambo la kwanza tuliloshika ni daftari. Huku kwetu mgonjwa huenda hospitali na daftari lake, na dukani linapatikana. Ukurasa wa kwanza tumeugeuza kuwa mdomo wa mtoto. Asiyejua kuandika anaandikiwa na mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, wapo wengi na wanaandika vizuri kuliko sisi. Tunaandika kana kwamba mtoto mwenyewe anazungumza, na mmoja wetu ameturuhusu tusome ukurasa wake, tumeondoa jina tu:

"Nina miaka tisa. Ninasikia. Ukisema polepole ninaelewa, Kihangaza zaidi kuliko Kiswahili. Nikikubali ninainua macho juu. Nikikataa ninageuza uso pembeni. Nipe muda, ninachelewa kujibu. Nikilia kwa sauti kubwa nimeogopa, siyo kuumwa. Nikiumwa kweli ninanyamaza na kukunja dole gumba ndani ya kiganja. Ninaogopa mkasi na watu wengi kunishika kwa pamoja. Ukinilisha nimelala ninapaliwa. Degedege langu huanza mkono wa kushoto. Dawa ninazotumia zimeandikwa ukurasa wa nyuma."

Basi. Ukurasa mmoja. Daktari anausoma kwa muda mfupi kuliko tunaotumia sisi kutafuta kadi ndani ya kikapu. Angalieni pale kwenye kilio na kimya. Bila ukurasa ule, daktari mgeni angefanya nini? Angeshughulika na kilio, na mtoto akinyamaza angesema ametulia, kumbe ndiyo anaumwa sasa.

Yule nesi aliyekuja kutufundisha siku moja alitueleza habari iliyotufurahisha sana. Alisema mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, walitoa kipimo cha maumivu kwa watoto wasioweza kusema. Wanatazama mambo matano: uso, miguu, mwili kama umetulia au unajinyonganyonga, kilio, na kama mtoto anabembelezeka. Kila jambo linapewa 0, 1 au 2, na jumla yake haizidi 10. Ni kipimo kizuri, na hata asiyesoma anaweza kukitumia kwa macho tu. Lakini kwa watoto wetu hakikutosha. Miguu ya mwenye mtindio wa ubongo imekakamaa kila siku, hata akiwa anacheka. Sasa ukiihesabu miguu ile utasema anaumwa mwaka mzima, na usipoihesabu utapitwa siku anayoumwa kweli. Basi mwaka 2006 wataalamu wa pale pale walitoa kipimo kilichorekebishwa, wakaweka nafasi ya mzazi kueleza dalili za mtoto wake yeye, ambazo mtoto mwingine hana. Mnasikia, akina mama? Pamoja na elimu yao yote walifika mahali wakamuuliza mama. Kwa hiyo sisi tukienda na ukurasa wetu hatujifanyi madaktari. Tunaleta kile ambacho chuo kikuu hakina.

Jambo la pili ni vitu na picha. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti akina Joseph Gona na Karen Bunning na wenzao waliwafuata walezi majumbani mwao vijijini, wakafanya nao kazi ya kuwasiliana na watoto wasiosema kwa kutumia ishara, picha na vitu vinavyopatikana pale pale, na mwaka 2014 wakaandika jinsi walezi wale walivyoanza kuwaona watoto wao kwa namna nyingine. Hawakungoja mashine. Nasi tumefanya hivyo hivyo kwa kadiri yetu. Tumekata maboksi ya sabuni, mwalimu mmoja akatuchorea: mtu mwenye maumivu, kikombe cha maji, choo, bomba la sindano, nyumbani, na mkono uliosimama wenye maana ya ngoja kwanza. Pia tumemchora mtoto mzima, mbele na nyuma, ili aonyeshe kwa kidole au kwa macho ni wapi. Kwa mtoto asiyeelewa picha tunabeba vitu vyenyewe, kikombe chake na kipande cha kanga ya mama. Na tumeomba hospitali bomba la sindano jipya lisilo na sindano, achezee nyumbani, ampige mama, ampige na mwanasesere wa migomba. Siku ya chanjo au ya kupima damu kitu kile si kigeni tena.

Wenye simu zenye kamera, tumieni kamera. Degedege halingoji zamu ya daktari. Mtoto anaanguka alfajiri, hospitali anafika amekaa vizuri kabisa, anatabasamu, na mama anaanza kuigiza kwa mikono mbele ya tabibu. Ukimrekodi dakika moja, kuanzia mwanzo na ukionyesha mwili wote na uso, tabibu ataona mwenyewe lilianza mkono gani. Lakini hiyo picha ni ya daktari, siyo ya kusambaza kwenye simu za watu. Hilo tunalisema kwa ukali kidogo.

Sasa tuseme kuhusu ndani ya chumba, na hapa tunazungumza na ninyi waganga na wauguzi tukiwaheshimu sana. Tunajua foleni ilivyo. Tunajua pengine tangu asubuhi hujanywa hata chai. Lakini nusu dakika ya mwanzo inaokoa nusu saa ya vurugu.

Msalimieni mtoto mwenyewe, kwa jina lake, kabla ya kumsalimia mama. Kaeni chini macho yenu yafikie macho yake. Mwonyesheni kipimo kabla ya kukiweka mwilini, kiwekeni kwanza kwa mama, kisha mkononi kwake, kisha kifuani. Ulizeni swali moja, swali la ndiyo na hapana, halafu ngojeni. Kungoja huku ndiko kunawashinda watu wengi. Mtoto ambaye misuli yake inachelewa anahitaji muda wa kuinua macho tu; sisi tunahesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo, polepole, na mara nyingi jibu linakuja kwenye nane. Aliyeuliza mara tatu kwa haraka amemfuta mtoto jibu lake mara tatu. Na mkitaka kujua kama ndiyo yake ni ndiyo kweli, mwulizeni kwanza kitu mnachokijua: "Huyu ni mama yako?" Halafu: "Mimi ni mama yako?" Akigeuza uso na kucheka, endeleeni, mnaye mtu wa kuzungumza naye.

Mnapopapasa, anzeni mbali na panapoumwa, mmalizie hapo. Msimwambie haiumi wakati inauma, maana mara ya pili hatawaamini wala hatatuamini sisi. Mwambieni itauma kidogo, tutahesabu mpaka tatu, itakwisha. Ikiisha mwambieni imekwisha. Hata kama mnadhani haelewi, semeni. Na ile tabia ya watu wanne kumkamata mtoto miguu na mikono, iwe ni ya pale tu ambapo hakuna njia nyingine na maisha yako hatarini. Mwenzetu mmoja mtoto wake alikamatwa hivyo, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa anatapika kila akiona geti la hospitali. Hakusema kwa mdomo, lakini lilikuwa jibu la wazi kabisa.

Pia tunaomba neno "ndivyo walivyo" lisitolewe haraka. Mtoto mwenye ulemavu anaumwa magonjwa yale yale ya watoto wengine, na juu yake ana yake. Anaumwa sikio. Anaumwa jino. Anakosa choo siku tano kwa sababu hatembei na maji anayapata kidogo. Ana kiungulia kinachomchoma kila akilazwa chali. Nyonga inaweza kuteguka polepole bila kuanguka, akawa analia kila akivalishwa nguo. Chakula kinapita njia ya hewa, kifua kinaugua mara kwa mara, watu wanasema ni baridi ya milima yetu. Mtoto akibadilika, kuna sababu. Itafutwe kwanza kabla ya kusema ni ulemavu.

Na sisi walezi tuna sehemu yetu. Mkalimani mzuri hamezi maneno ya mwenye maneno. Kuna mlezi ambaye daktari hajamaliza swali, yeye ameshajibu, mtoto hata hakuangaliwa. Tumekubaliana kwamba swali likimhusu mtoto tunamgeukia kwanza, tunamuuliza kwa njia yake, halafu ndipo tunamwambia daktari: yeye anaonyesha hivi, na mimi naona hivi. Mambo mawili tofauti. Daktari apate yote mawili.

Liko na la lugha, ambalo mjini pengine hawalijui. Watoto wengi hapa wanalelewa na bibi, na bibi mwingine Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Nesi ametoka mkoa mwingine, Kihangaza au Kishubi hajui. Basi maneno ya mtoto yanatoka kwa macho yake kwenda kwenye Kihangaza cha bibi, kutoka hapo kwenda kwenye Kiswahili cha mtu wa tatu, kutoka hapo kwenda kwenye daftari, na kila anayepokea anaangusha kidogo. Ndiyo sababu msindikizaji anahitajika. Siyo anasa.

Tuseme pia, kwa kifupi na kwa uzito wake, habari ya wasichana wasiosema. Wanakua. Hedhi inawajia kama wengine, na maumivu yake hawawezi kuyataja. Na mtu mwenye nia mbaya anamchagua asiyeweza kusimulia. Msichana akianza kukataa kuguswa, kuogopa mtu fulani au njia fulani, kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, asiambiwe ana kiburi. Apelekwe, apimwe na mwanamke kama yupo, mama awepo, pazia lifungwe, na aelezwe kila kitu kabla hakijafanyika. Ile picha ya mwili mzima tuliyosema, na sehemu za siri zichorwe humo, watu wasione haya, kwa sababu sehemu isiyo kwenye picha hawezi kuionyesha. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Hilo dawati ni la kwake pia.

Wako wanaosema haya ni mambo ya kizungu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetungwa na Bunge letu wenyewe, nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mwaka huo huo wa 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sisi elimu yetu ni ya shule ya msingi, hatuwezi kubishana na mwanasheria, lakini kusikilizwa ni kusikilizwa. Mtu anasikilizwa hata kwa macho.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hiki ni kikundi cha fedha, na mgeni rasmi asije akadhani tumegeuka wauguzi.

Mfuko wetu wa jamii tuliuanzisha kwa ajili ya msiba na kulazwa. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja. Mtoto wa miaka tisa ambaye hakai mwenyewe, unampakiaje kwenye bodaboda kwenye hivi vilima vyetu vinavyopanda na kushuka, ukiwa peke yako, na kikapu, na daftari? Unafika umechoka, mtoto ameloa, zamu imepita, na dawa ulizoelezwa umesikia nusu. Ndipo baadhi yetu tukaomba mfuko utoe nauli ya watu wawili, na wa pili awe mwanachama. Kazi ya msindikizaji ni kushika vitu, kukaa kwenye foleni wakati mama ameenda kumgeuza mtoto kivulini, kusikia maelekezo ya dawa na kuyaandika. Hamsemei mama. Akiulizwa anajibu.

Mabishano yalikuwa makubwa. Mwanachama mmoja alisimama akasema, na hatumlaumu, alisema kweli ya moyo wake: "Fedha ni za wote, mtoto ni wa mmoja, na mwenyewe hasemi hata asante." Mwingine akamjibu kwamba na maiti hasemi asante, lakini sanda tunanunua. Tulicheka siku ile, lakini jambo halikuisha kwa kicheko. Tulikubali kwa mwaka mmoja wa majaribio, tukaongeza mwaka wa pili, na katika mkutano wa mgawo unaokuja litapigiwa kura tena kama liingie kwenye katiba au lifutwe.

Msimamo wetu tunausema hadharani ili asije mtu akasema tulijificha: liingie. Mama anayekwenda hospitali mara tatu kwa ugonjwa mmoja anapoteza siku tatu za shamba, anakopa, anachelewa marejesho, na hapo sanduku la wote linaguswa. Aliyekwenda mara moja na kusikilizwa anarudi kwenye biashara yake ya maharage wiki hiyo hiyo. Hiyo ni hesabu tu. Sababu nyingine mmeiona wenyewe, iko hapa mbele, imekaa kwenye viti vya mbao alivyotutengenezea fundi seremala wa hapa, inatutazama tangu tulipoanza kusema.

Kwa mgeni rasmi ombi letu ni dogo. Atusaidie kuwafikishia waganga wetu wa zahanati na hospitali za wilaya kwamba mlezi akifika na ukurasa wa mtoto, usomwe kabla ya kumgusa. Na ikiwezekana watoto wanaotibiwa degedege na wenzao wapangiwe siku moja katika mwezi, foleni iwe fupi na nesi awe yule yule, kwa sababu mtoto asiyesema humzoea mtu kwa sura na sauti, na kila akibadilishiwa mtu anaanza upya.

Kwa wanachama na majirani mlio na watoto nyumbani ambao hamjawatoa nje, na tunajua mpo, hatuwauliziii kwa nini. Daftari la mfano liko mezani kwa katibu, picha za maboksi ziko kwenye kikapu chekundu, mwaweza kuzishika na kuzinakili. Jumatano ijayo saa nane, baada ya kununua hisa, tutakaa kuandika kurasa za watoto wapya. Njoo na mtoto mwenyewe, hatuandiki habari zake akiwa hayupo. Kama huna nauli mwambie mhazini leo, faraghani.

 Mkisikia chakula kimeanza kupakuliwa kule nyuma kabla ya wageni, msinung'unike. Ni wale watoto wanaolishwa wamekaa wima, kijiko kimoja kimoja, na wasipoanza sasa tutamaliza kucheza ngoma wao hawajafika nusu ya sahani.